Maji ya kiwanda cha karatasi: kuchemsha hakutoshi

Mama mmoja mwenye ujauzito wa miezi mitano alikuja kliniki akiwa amemshika mkono mtoto wake wa miaka mitatu. Alikuja kwa vipimo vya kawaida vya wajawazito, lakini alipomaliza kupimwa presha na wingi wa damu hakuondoka. Aliketi tena, akampakata mtoto, akaniuliza: "Daktari, sisi tunakaa kando ya mto, upande wa chini wa kiwanda cha karatasi. Nikiyachemsha maji muda mrefu zaidi, hiyo dawa ya kiwandani si itakufa?"

Swali lake lilinigusa kwa sababu mama huyu alikuwa akifanya kila kitu tulichomfundisha. Kwa miaka mingi sisi wahudumu wa afya tumewaimbia akina mama wimbo mmoja: chemsha maji ya kunywa. Na ni wimbo wa kweli. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu huletwa na vijidudu, na vijidudu vikichemshwa hufa. Lakini kemikali si mdudu. Haina uhai ambao moto utauondoa. Maji yakichemka kwa muda mrefu hupungua sufuriani, na kemikali isiyopaa na mvuke hubaki kwenye yale machache yaliyosalia, ikiwa imekolea kuliko mwanzo.

Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la pili ambalo lilikuwa zito zaidi: "Na samaki je?"

Makala ya leo ni jibu langu kwa maswali hayo mawili. Yanawahusu wengi, maana hata kwetu viwanda hivi vipo au vimekuwapo: Mgololo wilayani Mufindi kwa upande wa Tanzania, na Webuye, kando ya mto Nzoia unaomwaga maji yake Ziwa Victoria, kwa upande wa Kenya.

Gogo linavyogeuka daftari

Kwanza nikutoe hofu isiyo ya lazima, mzazi. Daftari la mwanao halina tatizo. Tunazungumzia maji yaliyotumika kulitengeneza.

Mti umeundwa kwa nyuzi ngumu zilizogandishwa pamoja na kitu kama gundi kinachoitwa lignini. Ili kupata karatasi, nyuzi lazima ziachane na gundi hiyo. Katika njia inayotumika zaidi duniani, gogo hukatwakatwa vipande vidogo, vikatiwa kwenye pipa kubwa la chuma pamoja na kostiki soda na sodiamu salfaidi, kisha vikapikwa kwenye joto la nyuzi 170 hivi. Kinachotoka ni rojo la nyuzi na maji meusi mazito. Karibu nusu ya ule mti huwa rojo, na nusu nyingine huishia ndani ya yale maji meusi. Kiwanda kinachoendeshwa vizuri huyakausha maji hayo, kikayachoma kupata umeme na mvuke, na kurudisha dawa zake ili zitumike tena. Kiwanda kilichochakaa huvujisha sehemu yake hadi mtoni.

Baada ya hapo rojo linakuwa la rangi ya khaki, kama mfuko wa saruji. Atakaye karatasi nyeupe ni lazima alipaushe, na baada ya kila hatua rojo husuuzwa kwa maji. Viwanda vya mtindo wa zamani vilihitaji zaidi ya lita 100,000 za maji kutengeneza tani moja. Vya kisasa hutumia kidogo sana ukilinganisha na hivyo, kwa sababu huyazungusha maji yale yale. Ndiyo maana viwanda hivi hujengwa kando ya mito.

Unachokiona na kukinusa

Wakazi wa chini ya kiwanda hawahitaji mtaalamu awaambie kuna kitu. Maji huwa ya kahawia kama chai ya rangi, yana povu, na hewa inanuka mayai viza. Harufu hiyo hutoka kwenye gesi za salfa zinazozaliwa wakati wa kupika mbao. Pua ya binadamu huzinusa hata zikiwa kidogo mno, hivyo harufu peke yake si kipimo cha sumu. Hata hivyo, zikizidi huwasha macho, huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na huweza kumchokoza mtoto mwenye pumu. Wakazi wa Webuye walilalamika kwa miaka mingi kuhusu harufu hiyo, na kuhusu mabati ya nyumba zao kuliwa na kutu mapema. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2009, kikaja kuuzwa kwa mwekezaji mwingine mwaka 2016. Mji ulioishi na harufu kwa miongo ukaanza kuishi na ukosefu wa ajira. Nalitaja hili kwa sababu kila ninapoandika kuhusu viwanda, wapo wasomaji wanaoniuliza kama ninataka vifungwe. Sitaki. Nataka maji yasafishwe kabla ya kutoka.

Kuna siku samaki huelea wamekufa. Mara nyingi, kinachowaua ni kukosa hewa. Mabaki ya mbao ni chakula cha bakteria. Bakteria wakila huongezeka, na wakiongezeka humaliza oksijeni iliyomo majini. Utaona samaki wakija juu wakihema midomo wazi kabla hawajafa. Wataalamu hupima hali hii kwa kuangalia bakteria watatumia oksijeni kiasi gani kwa siku 5. Kanuni za Tanzania na za Kenya zinakubaliana hapa: majitaka yanayoingia mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita. Majitaka ya kiwanda cha karatasi ambayo hayajasafishwa huwa na mamia.

Wapo pia samaki wasiokufa lakini wakabadilika. Mwaka 1980 watafiti walieleza kuhusu samaki wadogo wala viluwiluwi vya mbu katika kijito cha Elevenmile, jimbo la Florida, Marekani, kilichokuwa kikipokea maji ya kiwanda cha karatasi. Majike walikuwa wameota pezi ambalo kwa kawaida ni la madume tu. Baadaye huko Kanada, kwenye ghuba ya Jackfish, samaki walioishi kwenye maji ya kiwanda walikutwa na viungo vya uzazi vidogo kuliko wenzao. Ndani ya majitaka hayo mlikuwa na vitu vilivyovuruga homoni zao. Mwanadamu si samaki, na sitaki msomaji amkague binti yake akitafuta dalili zisizokuwapo. Nalieleza ili ijulikane kwamba mto unaweza kuwa na samaki wanaoogelea, na bado usiwe mzima.

Usichokiona

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, rojo lilipaushwa kwa gesi ya klorini. Klorini ikikutana na mabaki ya lignini huzaa mamia ya kemikali mpya, na miongoni mwake zimo dayoksini. Katikati ya miaka ya 1980, dayoksini zilikutwa kwenye samaki waliovuliwa chini ya viwanda vya karatasi nchini Marekani. Ile kali kuliko zote iliwekwa mwaka 1997 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nyingi huingia mwilini kupitia chakula, hasa nyama, maziwa na samaki, na hukaa kwenye mafuta ya mwili. Zikishaingia, huchukua kati ya miaka 7 na 11 kupungua hadi nusu.

Habari njema ni kwamba viwanda vingi duniani vimeachana na gesi ya klorini na kutumia klorini dayoksaidi au oksijeni, na dayoksini zimepungua sana. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi wanachama zizipunguze na, inapowezekana, zizimalize kabisa. Kwa hiyo swali la kumuuliza msimamizi wa kiwanda cha jirani ni jepesi: mnapausha kwa nini?

Lakini kisa kinachonifanya niwasihi wazazi kuhusu samaki hakikuanzia kwenye dayoksini. Kilianzia kwenye zebaki, nchini Kanada, na naomba nikisimulie taratibu.

Mto Wabigoon

Katika mji wa Dryden, jimbo la Ontario, kuna kiwanda cha karatasi kilichohitaji klorini na kostiki soda kwa wingi. Vyote viwili hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, na kwa njia ya zamani ya kazi hiyo zebaki ilitumika kama kipitisha umeme. Kiwanda cha kemikali kilichokuwa jirani kiliifanya kazi hiyo kwa ajili ya kile cha karatasi. Kati ya mwaka 1962 na 1970, zebaki ipatayo tani 9 ilitoka na maji machafu ikaingia mto Wabigoon.

Zebaki ya kawaida ikizama kwenye tope la mto, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine, methili zebaki, ambayo huingia mwilini kirahisi sana. Vijidudu vya majini huipata, wakaliwa na vidagaa, vidagaa wakaliwa na samaki wa kati, na hao wakaliwa na samaki mkubwa. Kila hatua inakusanya zaidi. Maji yenyewe yanaweza kupimwa yakaonekana hayana neno, ilhali samaki mkubwa wa mto huo huo hafai kuliwa.

Yapata kilomita 100 chini ya Dryden wanaishi Waojibwe wa Grassy Narrows, na mbele yao wenzao wa Whitedog. Samaki ndiye aliyekuwa kitoweo chao, na ndiye aliyekuwa ajira yao: waliuza samaki na kuwaongoza watalii waliokuja kuvua. Mwaka 1970 serikali ilipiga marufuku uvuvi wa biashara. Kazi ikaisha kwa mpigo mmoja. Lakini mtu akikosa kazi hula nini? Wengi waliendelea kuvua na kula, kwa sababu samaki alikuwa bure na dukani kila kitu ni fedha.

Mwaka 1975 alifika huko daktari kutoka Japani, Masazumi Harada. Alikuwa ameshaiona hali hiyo nyumbani kwao, Minamata, ambako ugonjwa wa zebaki uligunduliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda cha kemikali kumwaga zebaki baharini. Aliwapima watu wa Grassy Narrows na kukuta dalili alizozifahamu: ganzi mikononi, miguuni na mdomoni, kuona mbele tu bila kuona pembeni, mikono kutetemeka, kuyumba wakati wa kutembea. Familia za huko zilipata fidia mwaka 1985, na mwaka 2017 serikali ya jimbo iliahidi dola milioni 85 za Kanada za kusafisha mto. Zebaki bado imo kwenye tope. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western walieleza jambo la kusikitisha: salfeti na mabaki ya mbao yaliyomo kwenye majitaka ya kiwanda ya siku hizi huwastawisha wale bakteria wanaoigeuza zebaki ya zamani. Maana yake, maji yasiyo na zebaki yanaiamsha zebaki iliyolala tangu zama za babu.

Kisa cha Dryden ni cha Dryden, na siupakazii mto mwingine wowote zebaki. Nakisimulia kwa ajili ya njia sumu iliyopita, kwa sababu iliishia mahali ambapo yule mama wa kliniki alikuwa ameuweka mkono wake: tumboni.

Kondo la nyuma halizuii

Zamani madaktari tuliamini kwamba kondo la nyuma ni ukuta, kwamba mama hupokea sumu yeye na mtoto akabaki salama. Harada ni mmoja wa waliouvunja uongo huo. Huko Minamata alikutana na watoto waliozaliwa wakiwa hawawezi kukaa, kumeza wala kusema, ilhali hawajawahi kula samaki hata mmoja. Mama zao walikuwa na dalili chache, au hawakuwa nazo kabisa. Wajapani wana desturi ya kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukihifadhi nyumbani. Kwetu kitovu huzikwa, na mtu hukuonyesha kwao kwa kukwambia ndipo kilipozikwa. Wao walikiweka kwenye kijisanduku, na miaka mingi baadaye vitovu hivyo vilipimwa na kukutwa na zebaki.

Leo tunajua kwamba methili zebaki huvuka kondo kirahisi, na damu ya kitovu huwa na kiwango kikubwa kuliko damu ya mama. Ubongo wa mtoto ndio kwanza unajengwa. Kiasi kisichomletea mama hata ganzi ya kidole kinaweza kumchelewesha mtoto kusema, kutembea, au kuelewa darasani. Huko Grassy Narrows, utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikula samaki wa mto mara kwa mara wakati wa ujauzito walikuwa na matatizo ya kujifunza na ya mishipa ya fahamu zaidi ya wengine.

Kuna la kutia moyo pia. Mtu mzima akiacha kula samaki wenye zebaki, kiwango mwilini hushuka hadi nusu kwa muda wa siku 50 hadi 70. Kwa hiyo binti anayepanga kuolewa, au mama anayetaka mtoto mwingine, akibadilisha kitoweo miezi sita kabla ya kushika mimba anakuwa amempa mwanawe zawadi kubwa.

Nilivyomjibu

Kuhusu maji: ya mto uliopo chini ya bomba la kiwanda, yasinywewe wala yasipikiwe, hata yakiwa yamechemshwa. Shabu huangusha tope, na dawa ya kutakasa maji huua vijidudu, lakini hakuna kati ya hivyo kinachoondoa kemikali zilizoyeyuka. Dawa za klorini tena ndizo za kuangalia zaidi, kwa sababu zikitiwa kwenye maji yaliyojaa mabaki ya mbao huzaa kemikali nyingine. Tafuta kisima kirefu kilichopimwa, bomba, au maji ya mvua. Hayo ya mvua na ya kisima yachemshe kama kawaida, maana vijidudu navyo havijaenda likizo. Watoto wasiogelee karibu na bomba linapomwagia. Maji hayo huweza kuwasha ngozi na macho.

Kuhusu samaki: aliyekutwa akielea asiokotwe, asiliwe, asikaushwe, asiuzwe. Najua akiokotwa mapema anaonekana mbichi, na najua njaa. Bado hapana. Samaki wazima nao, mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasile waliovuliwa chini ya kiwanda mpaka maofisa waseme wamepimwa. Wengi hudhani kuondoa mafuta, ngozi na matumbo kunatosha. Kwa dayoksini husaidia, kwa kuwa hukaa kwenye mafuta. Kwa zebaki haisaidii hata kidogo. Yenyewe imo kwenye mnofu, na hakuna upishi unaoitoa.

Lakini usiache samaki kabisa, na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona akina mama wakiogopa wakabaki na ugali na mboga za majani tu. Samaki hujenga ubongo huo huo tunaoulinda. Chagua wadogo, na wanaokula mimea, wa kutoka mahali pengine: dagaa, ambao Wakenya huwaita omena, au sato na perege. Punguza sangara mkubwa, kwa sababu yeye hula samaki wenzake.

Na maziwa ya mama? Endelea kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hata pale ambapo kemikali kidogo hupita kwenye maziwa, maana faida yake ni kubwa kuliko hatari hiyo. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya mto huo yangekuwa balaa mara mbili.

Ukimuona mtoto amechelewa kukaa, kusema au kutembea, au mtu mzima ana ganzi mdomoni na anayumba, njoo hospitali na umwambie daktari unakaa wapi na unakula samaki wa wapi. Usingoje aulize, mara nyingi hatuulizi, na hilo ni kosa letu. Kipimo cha zebaki kinaweza kufanywa kwenye unywele. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, hivyo uzi mmoja mrefu huonyesha mwezi baada ya mwezi mtu alikuwa akila nini.

Siku mto ukibadilika rangi au samaki wakielea, andika tarehe na saa, piga picha, kisha mpelekee afisa afya wa eneo lako, ofisi ya NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, na kwa Tanzania usiisahau Bodi ya Maji ya Bonde lenu. Mwende wengi. Sampuli ichukuliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mto hausubiri; kesho maji yale yatakuwa kwa watu wengine.

Yule mama alisikiliza yote, kisha akasema mumewe ameezeka upya mwaka huu, mabati yapo, ila hawana mfereji wa kukingia maji wala tangi. Nikamwambia waanze na mfereji na pipa moja lenye mfuniko, na dakika za kwanza za kila mvua wayaache maji yamwagike yaoshe bati, hasa wakiwa jirani na moshi wa kiwanda. Akaomba nimwandikie kwenye kadi ya kliniki ili akamwonyeshe. Nikaandika, chini ya sindano ya pepopunda: mfereji, pipa, dagaa.